Maswali ya Wasomaji: Sakiti za Karatasi Hutengenezwaje?

Katika toleo lililopita tulidokeza kwamba karatasi inaweza kubeba sakiti ya umeme badala ya ile bodi ya kijani, iliyofumwa kwa nyuzi za kioo na kushindiliwa gundi, ambayo kila aliyewahi kufungua redio anaifahamu. Barua zilizotufikia tangu hapo zimetoka zaidi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na waandishi wengi hawakuridhika na dokezo: wamejaribu kwa mikono yao, wamekwama, na wanataka kujua viwandani wanafanyaje. Nimechagua barua tano. Ya kwanza na ya pili nimezijibu kwa urefu kwa sababu majibu yake ndiyo yanayozibeba zile nyingine.

Kutoka Mafinga

*Kamwene, Mwalimu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Niliwaagiza wanafunzi wachore njia za umeme kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, kisha waunganishe taa ndogo ya LED na betri mbili za redio. Hakuna hata taa moja iliyowaka. Darasa zima lilicheka, nami niliishiwa maneno. Kosa liko wapi? Na je, wanaotengeneza vitu hivi kwa biashara hutumia nini?*

Kamwene, Mwalimu mwenzangu. Kwanza nikuondolee aibu: grafiti iliyomo ndani ya penseli inapitisha umeme kweli, ila inaupitisha kwa kusuasua, na zaidi ya hapo imechanganywa na udongo wa mfinyanzi ili ncha isivunjike. Penseli ya HB, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye mikoba ya wanafunzi, ina udongo mwingi kuliko penseli laini ya wachoraji yenye alama ya 6B.

Wafundishe wanafunzi wako hesabu ya miraba, kwa maana ndiyo lugha ya watu wa fani hii. Utando mwembamba hupimwa ukinzani wake, yaani namna unavyouzuia umeme, kwa mraba mmoja, na haijalishi mraba huo ni mkubwa au mdogo, kwa sababu urefu unaoongeza ukinzani hulipwa na upana unaoupunguza. Chukua njia yenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 5 kwenda na kurudi: hiyo ni miraba 10 iliyopangwa mstari mmoja. Tuseme penseli yako, iliyokolezwa vizuri, imekupa omu 1000 kwa kila mraba; njia nzima ni omu 10,000. Betri zako mbili zinatoa volti 3, na taa nyekundu inajichukulia volti 2 hivi kabla ya kuwaka, kwa hiyo volti 1 tu ndiyo inayobaki kusukuma mkondo katika omu 10,000. Utapata sehemu moja ya kumi ya miliampea, mkondo ambao jicho halitauona darasani mchana. Na kama taa zilikuwa nyeupe, zinazodai volti 3 hivi zenyewe, hapakubaki kitu kabisa.

Tafuta betri ya volti 9, tumia taa nyekundu, chora njia fupi na pana kama kidole gumba, pitisha penseli mara nyingi kwa kukandamiza, kisha sugua mchoro kwa mgongo wa kijiko ili vipande vya grafiti vilaliane. Hata kwa omu zilezile 10,000 utapata miliampea 0.7, na taa itawaka kwa unyonge lakini itaonekana ukifunga mapazia. Hakikisha pia mguu mrefu wa taa umeelekea upande chanya, maana taa nyingi zinazokataa kuwaka zimewekwa kinyume tu.

Sasa, viwandani. Ili kuelewa wanachofanya, toka nje ukatazame kioo cha nyuma cha gari lolote dogo lililoegeshwa. Utaona mistari myembamba ya rangi ya kahawia iliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine, kazi yake ikiwa ni kupasha kioo joto na kuondoa ukungu, jambo ambalo dereva wa Makete au Njombe mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa. Mistari ile ni uji wa madini ya fedha uliochapwa juu ya kioo kisha ukachomwa katika tanuri kwa zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, mpaka chembe za fedha zikashikana zikawa waya. Kioo kinalivumilia joto hilo. Karatasi hailivumilii: ukiiweka muda mrefu kwenye nyuzi 150 inageuka manjano na kukakamaa, na ikikaribia 230 inaungua. Ile bodi ya kijani nayo hutengenezwa kwa kuilaza ndani ya kemikali inayokula shaba isiyotakiwa, na karatasi ya kawaida ukiilaza humo utaiokota ikiwa rojo. Ndiyo maana nasema kwamba njia zote za kutengeneza sakiti za karatasi, ukizichunguza, ni njia za kuukwepa moto na kuyakwepa maji, na zinatofautiana tu katika namna ya kukwepa.

Njia ya kwanza ni kupeleka metali kwenye karatasi ikiwa mvuke. Karatasi hufungiwa ndani ya chumba kisicho na hewa, mbele yake huwekwa kiolezo kilichotobolewa umbo la sakiti, na mvuke wa metali hutua pale penye matundu tu, ukiwa mwembamba mno kuweza kuichoma. Kwa namna hiyo Peter Brody na wenzake wa kampuni ya Westinghouse, Marekani, walitengeneza transista, yaani vijidude vinavyodhibiti mkondo wa umeme kama swichi, juu ya karatasi katika miaka ya 1960. Mwaka 2008 Elvira Fortunato na Rodrigo Martins wa Lisbon, Ureno, walivuka mpaka mwingine: walitengeneza transista ambayo karatasi yenyewe ni kiungo chake, ikishika nafasi ya kile kihami (kitu kisichopitisha umeme) kinachotenganisha lango, sehemu inayoamuru, na njia ya mkondo, badala ya kuwa kitanda tu cha kulazia vitu. Kazi hiyo ni ya kustaajabisha, lakini chumba cha ombwe si kifaa cha kila mtu.

Njia ya pili ni ya watu wavivu, na mimi ninaipenda: usichape chochote, kata karatasi ya alumini au shaba kwa wembe wa mashine au kwa leza, kisha ibandike. Lebo nyingi za mizigo zinazosomwa kwa mawimbi ya redio zina antena ya alumini iliyopatikana kwa kukatwa au kumomonyolewa namna hii.

Ya tatu ni wino, na hapa ndipo ujanja ulipo. Fedha ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 961, lakini ukiisaga iwe chembe zenye kipenyo cha nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), chembe hizo huanza kuungana chini ya nyuzi 200, kwa kuwa sehemu kubwa ya atomi zake ziko juujuu na hazijashikwa sawasawa. Ni kama sukari ya unga inavyoganda kwa unyevu kidogo ilhali mabonge makubwa yanakaa siku nyingi bila kushikana. Ili zisigandane ndani ya chupa kabla ya wakati, kila chembe huvalishwa ngozi nyembamba ya kemikali, na mchezo wote uliobaki ni namna ya kuivua ngozi hiyo. Ukiivua kwa tanuri, unarudi kwenye tatizo la joto. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft walionyesha kwamba printa ya kawaida ya mezani, ikijazwa wino wa aina hii na kulishwa karatasi ya picha iliyopakwa kemikali inayoivua ngozi hiyo, hutoa sakiti inayopitisha umeme ndani ya dakika moja hivi, bila tanuri lolote. Wengine hutumia mwako wa taa ya xenoni unaodumu sehemu chache tu za elfu za sekunde: wino mweusi hufyonza mwanga na kuchomeka, huku karatasi nyeupe ikiurudisha na kubaki baridi.

Kutoka Mwanjelwa, Mbeya

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mchapaji wa fulana na mabango kwa skrini. Nina fremu, raba, taa ya kukaushia na mashine ya kubana kwa joto. Je, vifaa hivi vinaweza kuchapa sakiti, au ni lazima ninunue mtambo mpya? Na wino niupate wapi?*

Ndugu yangu, wewe umeshafika nusu ya safari bila kujua. Sehemu kubwa ya elektroniki iliyochapwa duniani imechapwa kwa skrini, si kwa printa. Vile vijiti vya kupimia sukari ya damu ambavyo muuguzi hukuchoma kidole na kukigusisha tone, vingi vina vituo vya kaboni vilivyochapwa kwa fremu, wavu na raba, kazi uifanyayo wewe kila siku, ingawa chini yake kuna plastiki badala ya karatasi. Sababu ni kwamba skrini huacha tabaka nene la wino kwa mpigo mmoja, maikromita 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) na kuendelea, ilhali printa ya matone huacha utando usiofikia hata maikromita 1 mpaka irudie mara kadhaa. Na mkondo wa umeme, kama maji kwenye mfereji, hupenda kina.

Wino ni wa aina mbili. Uji wa fedha (na hapa fedha ni madini, si noti) hukupa sehemu mbili au tatu za mia za omu kwa mraba. Uji wa kaboni hukupa omu 20 hivi. Rudi kwenye ile njia ya miraba 10 tuliyomhesabia mwalimu wa Mafinga: kwa kaboni ni omu 200, na kwa fedha ni sehemu mbili au tatu za kumi za omu. Kwa kuwashia taa, kutengeneza vitufe vya kugusa au kadi ya pongezi inayometameta, kaboni inatosha, na bei yake haikaribii ile ya fedha. Anza na kaboni. Uji huu huuzwa na wauzaji wa malighafi za elektroniki nje ya nchi, lakini kwa mazoezi unaweza kujitengenezea kwa unga wa grafiti na gundi nyeupe ya mbao, ukiukoroga mpaka ulingane na uji mzito wa ulezi. Gundi ikizidi, chembe zinatengana na umeme haupiti. Ikipungua, chapa inapukutika ukiikunja. Kijiti cheusi cha katikati ya betri kuukuu ni kaboni na unaweza kukisaga, lakini ule unga mweusi unaokizunguka si kaboni tupu, una manganizi nyingi, na hautakufaa. Usiuvute puani pia.

Wavu wa fulana wa nyuzi 43 kwa sentimita unapitisha uji huu bila shida. Usitarajie mistari myembamba chini ya milimita moja mwanzoni, na acha nafasi kama hiyo kati ya mstari na mstari.

Shida yako haitakuwa kuchapa, itakuwa kukausha. Wino wa fulana wa plastiki umezoea kuupasha mpaka nyuzi 160. Uji wa fedha au kaboni wa kiwandani kwa kawaida unataka nyuzi 120 hadi 130 kwa dakika kumi au kumi na tano, joto ambalo karatasi inalistahimili ila hailifurahii. Niliwahi kusimama kwenye karakana moja nikitazama karatasi 20 zilizochapwa vizuri zikiingizwa kwenye kabati la joto. Zilipotoka kila moja ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba mkavu, na mistari imepasuka hasa pale palipokuwa na kona. Hakuna aliyekosea kuchapa. Karatasi ilikuwa imebeba maji yake ya kawaida, ikayatoa ghafla, ikasinyaa ikiwa na wino mgongoni ambao haukusinyaa nayo.

Dawa yake ni kuitesa karatasi kabla: ipitishe kwenye joto lilelile ikiwa tupu, isinyae mapema, kisha uichape mara tu inapopoa, kabla haijanywa tena unyevu wa hewa. Jua pia uelekeo wa nyuzi za karatasi, kwani karatasi hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kata kipande cha mraba, lowanisha upande mmoja, uache kijikunje. Mrija utakaotokea umelala kufuata nyuzi. Pitisha mistari mirefu ya sakiti kwa uelekeo huohuo. Na ile mashine ya kubana usiibane juu ya wino mbichi, utaubandua wote. Pasha kwa taa kwanza, kisha ubane wino ukiwa umekauka, kwa sababu mgandamizo huzisogeza chembe karibu na kuongeza upitishaji.

Kutoka Ipogolo, Iringa

*Mimi ni fundi redio. Nikilehemu resista kwenye karatasi inatoboka. Nifanyeje?*

Ndugu fundi, ncha ya pasi yako ina zaidi ya nyuzi 300, na hata lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyukia 183. Ipo lehemu ya bati na bismathi inayoyeyukia 138, na ukiwa mwepesi wa mkono juu ya utepe wa shaba utafanikiwa. Juu ya wino uliochapwa usijaribu. Tumia gundi yenye chembe za fedha, au tone la ule uji wenyewe, uache ukauke. Na kama unatumia utepe wa shaba, kwenye kona ukunje badala ya kuukata na kuupandisha juu ya mwingine, maana gundi ya chini mara nyingi haipitishi umeme.

Kutoka Tukuyu, Rungwe

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nilichora kwa kalamu ya wino wa fedha mistari miwili iliyotengana kwa nusu milimita, iwe kitufe cha kugusa. Chuoni ilifanya kazi wiki nzima. Nilipokuja nayo nyumbani likizo, nikaiacha imeunganishwa na betri, baada ya siku tatu ilikuwa ikijiwasha yenyewe. Kwa lenzi ninaona vitu kama mizizi vimeota kati ya mistari. Ni uchafu?*

Marahaba, mwanangu. Si uchafu, na umefanya vizuri kutazama kwa lenzi badala ya kuitupa. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na karatasi yako imekuwa ikiinywa hewa hiyo. Karatasi katika chumba cha kawaida ina maji ya asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake. Kwenye unyevu mkali hupita 10, na uwezo wake wa kuzuia umeme hushuka mara elfu na zaidi. Hilo ni gonjwa la kwanza, nalo hupona karatasi ikikauka.

Gonjwa la pili halikawii wala haliponi. Penye unyevu na volti isiyobadilika uelekeo, fedha ya mstari chanya huyeyuka kidogo kidogo na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, husafiri ndani ya maji yaliyofichika kwenye nyuzi za karatasi, na ikifika mstari hasi hurudi kuwa metali. Hapo huota kama matawi yanayorudi kuelekea ilikotoka, mpaka siku yanapogusa mstari chanya. Mizizi uliyoiona ndiyo hiyo. Kadiri mistari inavyokaribiana na betri inavyokaa imeunganishwa, ndivyo inavyoota upesi.

Panua nafasi ifike milimita 2, kata umeme wakati kifaa hakitumiki, na pale ambapo ukinzani si tatizo tumia kaboni, ambayo haihami hivyo. Kisha ziba karatasi kwa nta. Kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard limetumia nta kwenye karatasi kwa kusudi lililo jirani na lako, kuchora kuta zinazozuia majimaji yasivuke katika vipimo vya maabara, na nta huzuia kwa sababu hujaza nafasi kati ya nyuzi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, joto lisiloidhuru sakiti yako: kwangua kiasi juu ya karatasi, funika kwa karatasi nyingine, pitisha pasi ya uvuguvugu mpaka uone karatasi imekuwa kama inapenya mwanga. Fanya hivyo baada ya kuchora na wino kukauka kabisa, kwa kuwa ukitanguliza nta wino hautashika. Na acha wazi sehemu za kuunganishia betri. Wengi husahau, kisha hulaumu betri.

Kutoka Mgololo, Mufindi

*Huku kwetu kuna kiwanda cha karatasi, na misonobari ya Sao Hill haiko mbali. Je, karatasi yetu ya mifuko inafaa kwa kazi hii, au ni lazima karatasi ya picha kutoka ng'ambo?*

Inafaa kwa baadhi, na ningependa sana wasomaji wajaribu. Karatasi ya krafti hutengenezwa kwa kuupika mti katika kemikali zenye salfa, nyuzi ndefu za msonobari zikabaki nzima. Neno lenyewe kwa Kijerumani ni nguvu. Kwa sakiti itakayokunjwa na kukunjuliwa, uimara huo ni mali ambayo karatasi ya picha haina.

Ina kasoro tatu. Uso wake una vinyweleo na mabonde, hivyo wino wa matone wa printa huzama na kukatika. Uji wa kaboni kwa skrini hauna shida hiyo kwa sababu ni mzito na hukaa juu. Rangi yake ya kahawia hufyonza mwanga, kwa hiyo ile njia ya mwako wa xenoni ingeibabua pamoja na wino. Na mabaki ya salfa yanaweza kuifanya fedha iwe nyeusi polepole, kama bangili ya bibi iliyosahauliwa sandukuni. Karatasi laini za viwandani hupakwa udongo mweupe wa kaolini kisha hupitishwa kati ya mapipa ya chuma yenye moto. Wewe unaweza kukaribia hapo kwa unga wa chaki uliokorogwa na uji mwepesi wa wanga wa muhogo: paka kwa brashi tabaka moja jembamba, acha likauke kivulini, kisha sugua kwa chupa tupu ya soda mpaka ung'ae. Chapa kipande kilichopakwa na kisichopakwa kwa wino uleule, vyote kwa kaboni, pima ukinzani wa miraba 10 kwa mita ya fundi, kisha kunja kila kimoja mara ishirini pale pale na upime tena. Namba zote nne utakazopata, andika na upana wa mstari, uzitume hapa.